Lubumbashi: Kompyuta ikizimika kwa joto, tatizo si jina la pate bali mkono unaoipaka

Lubumbashi – Kadiri kiangazi kinavyosogea kuelekea mwezi wa Oktoba, malalamiko ni yaleyale katika masekretaria yanayozunguka Chuo Kikuu cha Lubumbashi na katika vibanda vya kuchapisha vya komini za Kenya, Katuba na Kampemba. Kompyuta inawaka vizuri asubuhi. Ikifika saa sita inaanza kwenda polepole, feni inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi, halafu kioo kinakuwa cheusi ghafla. Mwanafunzi aliyekuja kuchapisha TFC yake anabaki amesimama, kurasa ambazo hazikuhifadhiwa zimekwenda. Mwenye mashine anaita fundi.

Hapo mabishano yanaanza. Fundi wa kwanza anasema: "Mama, hii prosesa imeungua, tafuta nyingine." Wa pili anasema prosesa ni nzima, ila pate ya joto imekauka, na inatakiwa ile ya bei kali inayotoka Dubai kwa sababu ya kawaida haifai. Wa tatu hasemi mengi. Anafungua mashine, anapangusa kwa kidole, anapaka kitu cheupe kutoka kwenye kikopo kisicho na jina, anafunga na kuchukua pesa yake. Wiki mbili baadaye mashine inazimika tena, na mwenye sekretaria haelewi amelipia nini.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini kwa mama au kijana anayeishi kwa kompyuta mbili za mtumba na printa moja, si dogo. Siku ambayo mashine moja imelala ni siku ya nusu mapato. Kununua prosesa ambayo haikuhitajika ni kodi ya nyumba kutupwa njiani. Ndiyo sababu inafaa iseme wazi: kwa kompyuta ya mezani inayotumia kipoza joto kilichotoka nayo kiwandani, pate yoyote halisi ya kawaida inatosha. Kinachoamua ni usafi, kiasi kinachopakwa, na namna kipoza joto kinavyokazwa. Mteja anayejua hivyo hadanganywi kirahisi, na fundi anayefanya hivyo hahitaji kujificha nyuma ya jina la tyubu.

Kwanza, ieleweke pate inafanya kazi gani. Prosesa ina kifuniko cha chuma juu yake, na kipoza joto kina uso wa alumini au shaba chini yake. Kwa macho, nyuso hizo mbili zinaonekana laini kabisa. Kwa kweli zina mikwaruzo na mabonde madogo sana, na zikigusana, hewa inabaki ndani ya mabonde hayo. Hewa ni adui hapa, maana inapitisha joto vibaya sana. Pate inaingia kwenye mabonde hayo na kuifukuza hewa. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Pate haipozi prosesa. Inayopoza ni alumini, shaba na feni. Pate inajenga daraja tu.

Watu wa Katanga wanaijua shaba kuliko wengi duniani, kwa hiyo mfano uko karibu. Uwezo wa kitu kupitisha joto una kipimo chake. Shaba inafika karibu 400 kwa kipimo hicho, alumini safi karibu 237, na hewa iko karibu 0.026 tu. Pate za kawaida ziko kati ya 1 na 5, na zile za bei kali zinaandikwa 8, 10, hata zaidi. Mtu akisoma namba hizo dukani anadhani pate ya 8 itapoza mara nne zaidi ya pate ya 2. Hapo ndipo wengi wanapotea.

Fanya hesabu ya darasa la fizikia. Chukua prosesa ya ofisi inayotoa wati 65, kama zilivyo Core i5 na Ryzen 5 nyingi. Chukua uso wa kugusana wenye milimita 30 kwa 30, na tabaka la pate lenye unene wa milimita 0.05. Kwa pate nafuu kama HY510, ambayo pakiti yake imeandikwa 1.93, joto linalopotea katika tabaka hilo ni karibu digrii 2. Kwa pate iliyoandikwa 8.5, ni karibu nusu digrii. Tofauti ni digrii moja na nusu hivi. Ni kweli kwamba ndani ya prosesa joto halienei sawasawa, linakusanyika katikati, kwa hiyo katika mashine yenyewe tofauti inaweza kuongezeka mara mbili au tatu. Hata hivyo zinabaki digrii chache. Hakuna kompyuta ya sekretaria inayozimika kwa sababu ya digrii nne.

Sasa rudia hesabu ileile, lakini fundi amepaka pate kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate, au pini moja haikukaza na tabaka limekuwa nene milimita 0.3. Pate ileile ya 1.93 sasa inapoteza zaidi ya digrii 11. Na pale ambapo pate haikufika kabisa, pakabaki hewa ya milimita 0.05, hesabu inatoa zaidi ya digrii 130, yaani joto halipiti pale. Kwa hiyo kati ya pate nafuu na pate ghali kuna digrii chache. Kati ya kazi nzuri na kazi mbaya kuna mashine nzima.

Wapo watakaopinga. Vijana wanaocheza michezo ya kompyuta na wanaohariri video watasema wamepima wenyewe, pate ya jina kubwa imewapunguzia joto. Hawasemi uongo. Mtu mwenye kipoza joto kikubwa cha mabomba ya shaba, mwenye prosesa inayotoa wati 150 au 200, anaweza kuziona digrii hizo na kuzifurahia. Lakini kipoza joto cha kiwandani, kile kidogo cha duara cha Intel au Wraith Stealth ya AMD, kina mpaka wake. Alumini yake ni ndogo na feni yake ni ndogo. Lubumbashi nayo iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani na inabeba joto kidogo kidogo. Kuweka pate ya bei kali kwenye kipoza joto cha namna hiyo ni kama kununua bomba kubwa wakati tangi lenyewe ni dogo. Pesa hiyo ingefaa zaidi kununua feni ya nyuma ya kasha, ile inayotoa hewa moto nje.

Basi mwenye mashine achague nini? Masharti si mengi.

La kwanza, iwe pate halisi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, katika tyubu au pakiti iliyofungwa na yenye jina. HY510 ya kijivu na GD900 ni za bei nafuu na zinatosha kwa mashine ya kuandikia. Arctic MX-4 au Noctua NT-H1 ni nzuri zaidi, na mwenye uwezo anunue, mradi asidhani amenunua muujiza. Ile pate nyeupe ya silikoni na zinki, ambayo mafundi wa redio na amplifaya wamekuwa wakiitumia kwenye transista tangu zamani, nayo inafaa kwa prosesa isiyo na moto mwingi, ikiwa bado mbichi. Ikiwa imejitenga, mafuta juu na unga chini, haifai tena.

La pili, isipitishe umeme. Pate nyingi za kawaida hazipitishi, na ndiyo faida yake: tone likimwagika pembeni haliui bodi. Zipo pate za metali ya maji zinazotengenezwa kwa galiamu. Hizo zinapitisha umeme, na jambo baya zaidi, galiamu inakula alumini. Vipoza joto vingi vya kiwandani vina uso wa alumini. Anayempakia mteja metali ya maji kwenye kipoza joto cha alumini anaharibu chuma chenyewe, hata kama siku ya kwanza joto lilishuka.

La tatu, iwe laini ya kutosha kuenea. Pate ngumu sana, hata ikiwa na namba kubwa kwenye pakiti, inahitaji mkazo mkubwa ili iwe nyembamba. Pini za plastiki hazina mkazo huo. Kwa kipoza joto cha kiwandani, pate laini ya namba ndogo inaweza kufanya kazi vizuri kuliko pate ngumu ya namba kubwa.

La nne, tahadhari na jina kubwa kwa bei ndogo. Pate zinazojulikana ndizo zinazoigwa. Tyubu ya jina maarufu inayouzwa bei ya pakiti isiyo na jina inatia shaka, na ni afadhali kununua pate nafuu inayojikubali kuwa nafuu kuliko ya bandia inayojiita ya ghali.

Kuna na vitu ambavyo si pate kabisa. Dawa ya meno inatajwa mara nyingi, na hata video zinaonyesha inapunguza joto. Inapunguza kweli kwa muda, kwa sababu ina maji ndani yake na inaziba mabonde. Lakini maji hukauka kwa joto la prosesa, inabaki chokaa ngumu yenye nyufa, na hewa inarudi. Mafuta ya kujipaka yanayeyuka na kutiririka. Fundi anayefanya hivyo anauza siku chache za utulivu kwa bei ya ukarabati. Si haki kwa mteja, hasa mteja ambaye atarudi na mashine hiyohiyo katikati ya msimu wa kuwasilisha TFC.

Sasa kuhusu mkono wenyewe. Pate ya zamani haiongezewi mpya juu yake. Inafutwa yote, kwenye prosesa na kwenye kipoza joto, kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na alikoli ya famasi, kisha inaachwa ikauke. Ile pate ya kijivu ambayo kiwanda kilikuwa kimeiweka chini ya kipoza joto kipya inatumika mara moja tu. Ikishatolewa haiwekwi tena, kwa sababu haiwezi kukaa tena bila kuacha mapengo.

Baada ya kufuta, inawekwa punje moja katikati, ukubwa wa mbaazi ndogo, halafu kipoza joto kinashushwa wima na kuachwa kiisambaze chenyewe. Hakuna haja ya kidole. Kidole kina mafuta na jasho, na kinaacha mawimbi yenye hewa ndani.

Kwa mashine za Intel zenye pini nne za plastiki, pini zinasukumwa kwa msalaba: moja, halafu ile ya kona ya mbali, halafu mbili zilizobaki. Baada ya hapo bodi inageuzwa au inachunguzwa kwa nyuma ili kuona kama pini zote nne zimetokeza na kufunguka sawasawa. Kompyuta nyingi za mtumba zinafika zikiwa na pini moja iliyovunjika au kuchoka. Pini moja ikilegea, kipoza joto kinainama upande mmoja kama meza ya miguu mitatu, na hakuna pate duniani itakayorekebisha hilo. Dawa ni kutafuta pini nyingine au kipoza joto kingine cha mtumba, na mara nyingi hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri zaidi.

Kwa AMD za soketi ya AM4 hatari ni nyingine. Pate ikikauka inashika kama gundi, na miguu ya prosesa inashikwa na soketi kwa nguvu kidogo tu. Fundi akivuta kipoza joto moja kwa moja, prosesa inang'oka pamoja nacho na miguu inapinda. Hapo ndipo mashine iliyokuja na tatizo la joto inaondoka na tatizo la kweli. Njia salama ni kuiwasha mashine dakika kadhaa ili pate ilainike, kuizima na kuchomoa waya, kufungua skrubu, kisha kukizungusha kipoza joto taratibu kulia na kushoto mpaka kiachie, ndipo kinyanyuliwe.

Halafu kuna vumbi. Katika kiangazi vumbi jekundu la Lubumbashi linaingia kila mahali, na sekretaria nyingi ziko kando ya barabara isiyo na lami. Mara nyingi fundi akitoa feni juu ya kipoza joto anakuta blanketi la vumbi limelala kati ya feni na alumini. Feni inazunguka kwa kelele zote lakini hewa haipiti. Mashine ya namna hiyo ikipakwa pate bora kuliko zote itazimika tu. Ikisafishwa na kubakizwa na pate yake ya zamani, huenda ikafanya kazi miezi mingine. Ndiyo maana agizo la kwanza kwa fundi lingepaswa kuwa "safisha", kabla ya "paka".

Hata kusafisha kuna adabu yake. Wengine wanapeleka kasha zima kwa kwado ili lipulizwe kwa kompresa ya matairi. Upepo ule una nguvu nyingi na mara nyingine una matone ya maji. Feni ikiachwa izunguke ovyo kwa upepo huo inaharibika. Burashi laini ya rangi, feni ikiwa imeshikwa kwa kidole, mashine ikiwa nje ya nyumba na imechomolewa, inatosha kwa kazi nyingi.

Swali linalobaki ni hili: mteja asiyejua ufundi atajuaje kwamba kazi imefanywa vizuri? Jibu liko ndani ya mashine yenyewe. Kompyuta inajua joto lake. Linaonekana kwenye BIOS, na programu za bure kama Core Temp au HWMonitor zinalionyesha Windows ikiwa imewaka. Prosesa nyingi za Intel za mezani zina kikomo karibu na digrii 100, na nyingi za Ryzen digrii 95. Zikikaribia hapo zinapunguza kasi zenyewe ili zisiungue, na hali ikizidi mashine inajizima. Hiyo ndiyo sababu kauli ya "prosesa imeungua" inafaa kutiliwa shaka. Prosesa inayowaka kila asubuhi na kufanya kazi saa tatu haijaungua. Inajilinda.

Basi fundi amwonyeshe mteja digrii kabla ya kufungua, na amwonyeshe tena baada ya kufunga, mashine ikiwa inafanya kazi ileile kwa muda uleule, mahali palepale. Kama zilikuwa 95 na sasa ni 68, kazi inaonekana na hakuna atakayebishana kuhusu malipo. Kama zilikuwa 95 na sasa ni 92, pate si tatizo, au haikupakwa vizuri, na fundi arudi kazini. Ni kipimo cha dakika kumi, hakihitaji kifaa cha kununua, na kinamlinda fundi mwaminifu kuliko mtu mwingine yeyote.

Mafundi nao wana hoja yao, na isikilizwe. Wateja wengi hawataki kulipia usafi. Wanalipia kitu wanachokiona: kipande kipya, tyubu mpya, jina jipya. Fundi akisema "nimesafisha na kukaza pini", mteja anajibu kwamba hiyo hata mtoto anaweza. Kwa hiyo fundi anajifunza kuuza pate badala ya kuuza kazi. Lawama hapa si ya upande mmoja. Anayetaka mashine idumu akubali kulipa mkono wa fundi na muda wake, na bei ya usafi itajwe peke yake, mbali na bei ya pate, mapema kabla skrubu ya kwanza haijafunguliwa.

Si lazima pate ibadilishwe kila mwezi, kama wengine wanavyoshauri. Pate nzuri iliyopakwa vizuri inakaa miaka. Inabadilishwa pale kipoza joto kinapotolewa kwa sababu yoyote, au pale digrii zinapopanda ingawa vumbi limetolewa. Kusafisha vumbi ndiko kunakohitaji ratiba: mara moja kabla ya kiangazi na mara moja kabla ya Oktoba kwa sekretaria iliyo karibu na barabara, hasa kama inafanya kazi mfululizo kila umeme unaporudi baada ya deleste.

Kompyuta nyingi zinazofanya kazi mjini zilikwisha kutumika miaka mingi Ulaya, Dubai au Afrika Kusini kabla ya kufika hapa. Zimefika na pate kavu, pini zilizochoka na vumbi la nchi tatu. Nyingi bado zina miaka ya kazi ndani yake. Zinazotupwa au kuuzwa kwa vipande kwa sababu ya ushauri mbaya ni hasara kwa familia zinazozitegemea na kwa wanafunzi wanaopanga foleni mbele yake. Pakiti moja nafuu, chupa ndogo ya alikoli, burashi na subira ya nusu saa vinaweza kuokoa nyingi kati ya hizo. Mwenye sekretaria asiulize tena, "Una pate ya Dubai?" Aulize, "Ilikuwa digrii ngapi, na sasa ni ngapi?"